Saa tano na nusu haimngoji mtu

Hebu fikiria, msomaji, kwamba leo ni Jumapili tarehe 12 Oktoba mwaka 1975, na saa ya ukutani hapo kwenu Nairobi inaonyesha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai haijachemka. Watoto wanagombania bafu, na mama anawahimiza wajiandae upesi msije mkachelewa kanisani. Dakika iyo hiyo, huko New York, Marekani, bado ni Jumamosi, saa tano na nusu ya usiku. Kwenye ghorofa ya nane ya jumba la RCA, mtaa wa Rockefeller Plaza, kundi la vijana limejibanza nyuma ya pazia, jasho likiwatiririka. Wengi wao hawajulikani hata na majirani zao. Taa nyekundu ya kamera ikishawaka, Marekani nzima itawaona, na atakayekosea atakuwa amekosea, hakuna kurudia.

Taa ikawaka. Mtu wa kwanza kuonekana alikuwa ameketi kitini akisoma gazeti. Huyo alikuwa Michael O'Donoghue, mmoja wa waandishi wa kipindi, akijifanya mwalimu wa Kiingereza. Mara akaingia mwanafunzi wake, mhamiaji mnene mwenye kofia na mifuko ya sokoni, naye alikuwa John Belushi. Mwalimu akaanza kumsomesha sentensi za ajabu ajabu kuhusu wanyama wa porini, na mwanafunzi akazirudia moja baada ya nyingine kwa lafudhi nzito, bila kuelewa lolote. Ghafla mwalimu akashika kifua, akaanguka, akafa. Mwanafunzi akamtazama kidogo. Akadhani hilo nalo ni somo! Naye akashika kifua, akajibwaga chini.

Kimya. Kisha akatokea kijana mwenye vidude vya kusikilizia masikioni, kana kwamba ni msimamizi wa jukwaa aliyekuja kuona kuna nini. Akatabasamu mbele ya kamera na kuutangazia ulimwengu kwamba haya yanatoka New York moja kwa moja na kwamba huu ni usiku wa Jumamosi. Kijana huyo alikuwa Chevy Chase. Tangu usiku huo maneno hayo yamekuwa ndiyo mlango wa kipindi ambacho leo ulimwengu unakijua kwa jina la Saturday Night Live.

Ukitaka kujua jinsi kipindi hiki kilivyopata nafasi hewani, huna budi kujua habari za viporo. Katika miaka hiyo mfalme wa televisheni ya usiku huko Marekani alikuwa Johnny Carson, aliyezungumza na wageni mashuhuri kila usiku wa kazi katika shirika la NBC. Mwishoni mwa juma NBC ilikuwa ikirudia vipindi vyake vya zamani, kama mtu anayepasha moto ugali wa jana. Mwaka 1974 Carson alichoka na jambo hilo. Alitaka viporo vyake vihifadhiwe, vionyeshwe katikati ya juma ili yeye apate siku zaidi za kupumzika. NBC haikuthubutu kumkatalia, na hivyo usiku wa Jumamosi ukabaki mtupu.

Mkuu wa NBC wakati huo, Herbert Schlosser, alitaka pengo hilo lizibwe na kitu kipya kitakachowavuta vijana, na ikiwezekana kitoke moja kwa moja. Kazi hiyo ilimwangukia Dick Ebersol, afisa ambaye hata miaka thelathini hakuwa ameitimiza. Naye akamtafuta Lorne Michaels, kijana wa Kanada aliyekulia mjini Toronto, ambaye alikuwa ameandika na kutayarisha vichekesho vya watu wengine na kuchoshwa na jinsi walivyovifanya.

Hapa yafaa nieleze kwa nini hilo la kutoka moja kwa moja lilikuwa jambo kubwa. Televisheni ya Marekani ilipokuwa changa, karibu kila kitu kilitoka hivyo, tena hapo hapo New York. Kati ya mwaka 1950 na 1954 mchekeshaji Sid Caesar na wenzake walikuwa wakiwavunja watu mbavu kila Jumamosi kwa dakika 90 nzima katika kipindi cha Your Show of Shows. Baadaye kanda za kurekodia zikaja, kazi nyingi zikahamia California, na ucheshi ukawa kitu cha kukatwa na kuunganishwa. Hata vicheko vya watazamaji vikawa vinawekwa kwa mashine, ukicheka usicheke! Sisi wenyewe tulilelewa na vichekesho vilivyorekodiwa. Nani kati yetu hakuwahi kumcheka Mzee Ojwang katika Vitimbi? Mwigizaji wa namna hiyo akiteleza ulimi, kipande kinarudiwa, na wewe nyumbani hujui kitu. Michaels alitaka utelezi wenyewe uonekane.

Mahali alipopewa ni studio inayoitwa 8H. Ilijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya redio, na kwa miaka mingi ndimo Arturo Toscanini, mwanamuziki mkali kutoka Italia, alimokuwa akiongoza bendi kubwa ya NBC. Sasa wakaingizwa humo vijana wenye nywele ndefu na suruali za jinzi. Waigizaji wakuu walikuwa saba: Dan Aykroyd, John Belushi, Chevy Chase, Jane Curtin, Garrett Morris, Laraine Newman na Gilda Radner. Walipewa jina la mzaha, maana yake waigizaji ambao hawajaiva kiasi cha kuonyeshwa saa za jioni, wakati watazamaji ni wengi. Jina hilo lilikuwa kijembe kwa shirika la ABC, ambalo majuma matatu tu kabla yake lilikuwa limeanzisha kipindi chake cha Jumamosi jioni kikiongozwa na mtangazaji wa michezo, Howard Cosell. Cosell ndiye aliyekuwa wa kwanza kulichukua jina la Saturday Night Live! Hawa wetu ikawabidi waanze kwa jina la NBC's Saturday Night. Kipindi cha Cosell kilikufa Januari 1976, na mwaka uliofuata hawa wakachukua jina lake na kulifanya lao.

Mshahara ulikuwa mdogo. Katika msimu wa kwanza kila mwigizaji alilipwa takriban dola 750 kwa kipindi. Waandishi wawili chipukizi, Al Franken na Tom Davis, walikuwa fukara kiasi kwamba waliajiriwa kama mtu mmoja, wakawa wanagawana mshahara mmoja. Wewe mwanafunzi unayekula kwa zamu na mwenzako wa chumbani, tulia. Huyo Franken mwaka 2009 aliingia katika Baraza la Seneti la Marekani.

Turudi kwa usiku ule wa kwanza. Mazoezi ya mwisho yalikuwa balaa tupu. Mitambo ya taa na ya sauti ilisumbua, na michezo ilikuwa mingi kuliko muda uliokuwepo. Ikabidi wengine wapunguzwe. Mmoja wao alikuwa mchekeshaji kijana aitwaye Billy Crystal. Alipoambiwa muda wake utakatwa, mabishano yakazuka kati ya meneja wake na wakubwa wa kipindi, na mwisho akarudi nyumbani bila kuonekana. (Alirejea mwaka 1984, akiwa mwigizaji kamili.) Belushi naye, dakika chache kabla ya kuingia hewani, alikuwa bado hajatia sahihi mkataba wake. Alitia sahihi baada ya kubembelezwa na Bernie Brillstein, aliyekuwa meneja wa Michaels, na hata hivyo kwa sharti: Brillstein awe meneja wake yeye pia. Heka heka za dakika hizo 90 kabla ya kipindi zilikuwa nyingi hivi kwamba mwaka 2024 mwelekezi Jason Reitman alizitengenezea filamu nzima.

Mshereheshaji wa usiku huo alikuwa mchekeshaji George Carlin. Wakubwa wa shirika walitaka avae suti na tai. Yeye alitaka fulana. Wakapatana nusu kwa nusu: akavaa suti, na ndani yake fulana. Billy Preston na Janis Ian wakaimba, na vikaragosi vya Jim Henson vikawa na sehemu yao. Mtu mmoja wa ajabu, Andy Kaufman, akasimama kimya kando ya gramafoni iliyokuwa ikipiga wimbo wa katuni za watoto, akingoja kwa wasiwasi mstari mmoja tu ambao ndio aliofungulia mdomo kwa madaha. Watu waliangua kicheko bila kujua hasa wanacheka nini.

Kulikuwa pia na tangazo la biashara la uongo, la wembe wenye makali matatu, lililowacheka watengenezaji wa nyembe kwa kudhani watu watanunua chochote. Mwaka 1998 kampuni ya Gillette ilileta madukani wembe wa makali matatu, wa kweli, na watu wakanunua. Mimi mwenyewe ninao.

Sasa kazi yenyewe ilikuwaje? Jumatatu walikutana na mshereheshaji wa juma hilo wakiwa mikono mitupu, kila mmoja akitoa wazo. Jumanne waliandika usiku kucha, hata wengine wakilala chini ya meza. Jumatano wakasoma yote kwa sauti, na yaliyokufa yakazikwa hapo hapo. Alhamisi na Ijumaa mafundi walipiga misumari na kushona mavazi huku waigizaji wakifanya mazoezi. Jumamosi mapema usiku walikifanya kipindi chote mbele ya watu, kisha Michaels akakatakata vipande visivyochekesha. Maneno yakabadilika hata dakika za mwisho, ndiyo maana waigizaji walisoma kwenye makaratasi makubwa yaliyoandikwa kwa mkono na kushikiliwa kando ya kamera. Michaels amezoea kusema kwamba kipindi hakiingii hewani kwa sababu kimekuwa tayari, bali kwa sababu imefika saa tano na nusu. Mtahiniwa yeyote wa KCSE analijua jambo hilo.

Wenye shirika, bila shaka, walikuwa na hofu. Hofu hiyo ilizidi Desemba 1975, Michaels aliposisitiza kwamba Richard Pryor awe mshereheshaji. Pryor alikuwa Mmarekani mweusi aliyewazidi wengi kwa kipaji, na kwa ulimi pia. NBC iliagiza kwamba usiku huo matangazo yacheleweshwe kwa sekunde chache, ili tusi likitoka likatwe kabla halijafika majumbani. Tusi lililoogopwa halikutoka kama walivyotarajia. Kilichotoka kilikuwa kikali zaidi. Katika mchezo ulioandikwa na Paul Mooney, Chase alikuwa bosi anayemhoji Pryor kwa ajili ya kazi, akimtajia neno, naye Pryor ajibu kwa neno linalomjia kichwani. Maneno yakaanza kwa upole, yakageuka polepole kuwa matusi ya rangi ambayo watu weupe wamewatusi weusi, na majibu ya Pryor yakawa makali kila hatua, hadi bosi akaanza kutetemeka kitini. Mimi naona hizo ndizo dakika bora kuliko zote za msimu ule.

Katika kundi lenyewe mweusi alikuwa mmoja tu, Garrett Morris, mzaliwa wa New Orleans, mwimbaji aliyesomea muziki na mwandishi wa tamthilia. Awali aliletwa kama mwandishi. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: mtu huyu alikuwa na sauti na akili, lakini waandishi waliomzunguka, karibu wote weupe, walijua kumwandikia sehemu za utumishi na uwakala, na yeye hakuficha uchungu wake kwa hilo. Alimwigiza pia Idi Amin wa Uganda, wakati ambapo jirani zetu hawakuwa na sababu yoyote ya kucheka. Alisifika zaidi kwa mzaha wa kusoma taarifa ya habari kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Alichokifanya kilikuwa kurudia yale yale yaliyosemwa na msomaji, kwa kupiga kelele.

Taarifa hiyo ya habari za mzaha ndiyo iliyomfanya Chevy Chase nyota kabla ya wenzake wote, kwa kuwa kila juma alijitaja jina mbele ya kamera. Jenerali Franco, dikteta wa Uhispania, alipofariki Novemba 1975 baada ya kuugua kwa majuma mengi, Chase alitangaza juma baada ya juma kwamba Franco bado ni maiti. Lakini kilichotia fora zaidi kilikuwa kumwigiza Rais Gerald Ford. Juni 1975 Ford aliteleza kwenye ngazi za ndege huko Salzburg, Austria, na picha zikaenea duniani. Chase hakuhangaika kufanana naye. Hakubadilisha sauti wala kupaka chochote usoni. Alianguka tu. Alianguka juu ya meza, akaanguka juu ya mti wa Krismasi. Ukweli ni kwamba Ford alikuwa mwanaspoti hodari, aliyechezea Chuo Kikuu cha Michigan kandanda ya Kimarekani. Haikumsaidia. Watu wakaanza kumwona rais wao kama mtu asiyeweza kusimama wima.

Waliokuwa hapa Kenya kabla ya Rais Moi kung'atuka mwaka 2002 wanakumbuka jinsi mioyo ilivyodunda vijana watatu wa Redykyulass walipomwigiza hadharani. Ikulu ya Marekani iliamua kucheka pamoja nao. Tarehe 17 Aprili 1976 msemaji wa rais, Ron Nessen, alikuja kuwa mshereheshaji, na Ford mwenyewe akarekodi maneno machache ya kuonyeshwa. Waandishi nao, kwa ukorofi wao, wakajaza usiku huo mizaha michafu kuliko kawaida, ili ionekane kana kwamba Ikulu imeibariki. Novemba mwaka huo Ford alishindwa na Jimmy Carter katika uchaguzi, ingawa kura zilikuwa na mambo mengine mazito ya kuamua. Chase kwa upande wake aliumia kweli Septemba 1976 alipoanguka jukwaani akiwa "Ford", akakosa vipindi viwili. Kabla mwaka haujaisha alikwenda zake Hollywood, na mahali pake akaja Bill Murray, aliyekuwa katika kile kipindi cha Cosell kilichokufa.

Ajali nazo hazikukosa. Tarehe 30 Oktoba 1976 Belushi, akiigiza shujaa wa Kijapani mwenye upanga, alimpiga mshereheshaji Buck Henry kwenye paji la uso, damu ikatoka. Kipindi kikaendelea. Henry akabandikwa plasta, na kadiri usiku ulivyosonga waigizaji wengine nao wakaanza kutokea wamebandikwa plasta usoni. Februari 1977 wakahamia New Orleans kwa usiku mmoja wa sherehe za Mardi Gras. Henry na Jane Curtin walikaa kwenye jukwaa refu ili waeleze gwaride likipita. Gwaride halikupita kamwe. Lilicheleweshwa na ajali njiani, na wawili hao wakabaki wakitangaza kitu ambacho hakipo.

Aprili 1976 Michaels alitazama kamera kwa uso mkavu, akawaahidi Beatles, waliokuwa wametengana tangu mwaka 1970, dola 3,000 wakija kuimba nyimbo tatu. Akaongeza kwamba wagawane wapendavyo, na wakitaka wampe Ringo kidogo. John Lennon alisimulia baadaye kwamba usiku huo yeye na Paul McCartney walikuwa pamoja nyumbani kwake, hapo hapo New York, wakitazama. Wakafikiria kuita teksi waende. Wakaona wamechoka.

Umaarufu ulipokuja ulikuja kwa kishindo, na dawa za kulevya zikaja nao. Mwaka 1978 filamu ya Animal House ilimfanya Belushi nyota wa sinema, na mwaka uliofuata yeye na Aykroyd wakaaga. Mwaka 1980 Michaels na waigizaji wote waliosalia wakaondoka. Tarehe 5 Machi 1982 Belushi alikutwa amekufa katika hoteli moja huko Los Angeles kwa sababu ya dawa hizo. Alikuwa na miaka 33.

NBC ilimpa kipindi Jean Doumanian, ikamtwika kundi jipya kabisa, na wakosoaji wakalirarua. Hata hivyo Jumamosi moja ya Januari 1981 hesabu za muda zilikosewa: michezo ikaisha na dakika kama nne hivi zikabaki. Humo studioni mlikuwa na kijana mweusi wa miaka 19 waliyekuwa wakimpa visehemu vidogo vidogo tu. Wakamsukuma jukwaani aongee lolote. Akaongea, peke yake, bila karatasi, akachekesha mpaka muda ukaisha. Jina lake lilikuwa Eddie Murphy. Huyo ndiye aliyekishika kipindi kisife. Doumanian alifutwa miezi michache baadaye, na mwaka 1985 Michaels akarudi kwenye kiti chake. Bado alikuwa ndiye mtayarishaji kipindi kilipotimiza miaka 50 mwaka 2025.

Nimemwacha Gilda Radner hadi sasa kwa makusudi. Katika wale saba wa kwanza ndiye niliyempenda kuliko wote, mwanamke mwembamba mwenye nywele za kusimama, ambaye angejigonga ukutani ili wewe ucheke. Alifariki kwa saratani Jumamosi, tarehe 20 Mei 1989. Usiku huo mshereheshaji alikuwa rafiki yake, Steve Martin, aliyekuwa ameandaliwa vichekesho vya kufungulia. Habari zilifika wakati mazoezi yakiendelea. Vichekesho vikawekwa kando. Saa tano na nusu Martin akatoka mbele ya kamera, akaonyesha kanda ya mwaka 1978 ambamo yeye na Gilda walicheza dansi, mara wakirukaruka kama vichaa, mara kwa upole kama maharusi. Kanda ilipokwisha alijaribu kusema, sauti ikamkatika, na Marekani nzima ikamwona akilia.